Shajara ya daftari la maneno ya Kiingereza yenye Q, X na C

12 Januari

Kazi hii imezaliwa na neno moja. Jana alasiri watoto sita wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, ambao wote wameingia kidato cha kwanza wiki hii, walikuja barazani kwangu na kitabu cha Jiografia. Mmoja wao, binti ambaye baba yake ni mpakuzi wa mizigo bandarini, aliniamkia, akaweka kidole chini ya neno "quay" na kuniuliza linasomwaje. Kabla sijajibu, mwenzake mmoja alikwisha kusoma "kwayi", mwingine "kyuai", na wa tatu akashikilia kwamba hilo si neno bali ni kosa la mpiga chapa. Nilipowaambia kwamba linasomwa "kii", na kwamba maana yake ni gati, wenzake waliangua kicheko na yeye akanuna, kana kwamba ametapeliwa: maisha yake yote amekula mkate unaotoka gatini, lakini jina lake la Kiingereza limempita bila kubisha hodi.

Mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania husoma masomo yake yote ya msingi kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe, kisha Januari moja anaamka na kukuta Bayolojia, Fizikia, Jiografia na Hesabu zote zimevaa lugha nyingine. Maneno mengi anaweza kuyabahatisha. Yanayomkwamisha kabla hata ya kufika kwenye maana ni yale yenye herufi ambazo hakulelewa nazo, kwa sababu abjadi yetu haina q wala x, na c haisimami bila kushikwa mkono na h. Kwa hiyo nimeamua kuandika daftari la maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo tatu, kila neno likiwa na matamshi yake, maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja. Lengo ni maneno 120 kabla ya mwisho wa Machi.

18 Januari

Nimetumia wiki nzima kuchagua, na ugumu haukuwa kupata maneno bali kuyakataa. Kamusi ina hazina kubwa ya mapambo ambayo mtoto wa kidato cha kwanza hatayahitaji mpaka azeeke, nami nimejiwekea sharti kwamba neno litakaloingia ni lazima liwe limo katika vitabu vyao vya kiada, au liwe linataja kitu kinachoonekana hapa Tanga. Nimelitoa "xebec", chombo cha matanga cha Bahari ya Mediterania, kwa shingo upande.

Uchache wa herufi hizi si jambo la kukisia. Mmarekani Alfred Butts, aliyebuni katika miaka ya 1930 Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja inatumika mara ngapi, na mpaka leo kati ya vipande 100 vya mchezo huo wa Kiingereza herufi e ina vipande 12, ilhali q na x zina kimoja kimoja. Q inalipa pointi 10 na x pointi 8, kwa kuwa mchezaji anayezishika hupata taabu ile ile wanayoipata wanafunzi wangu.

Ukurasa wa maneno yanayoanza na X umebaki na matano tu. Sikushangaa sana, maana Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba hakuna neno la Kiingereza linaloanza na herufi hiyo. Maneno yaliyo mengi huificha katikati au mwishoni: "oxygen" ambayo ni oksijeni, "axis" ambayo ni mhimili, "tax" ambayo ni kodi, "mix" ambayo ni kuchanganya.

25 Januari

Leo tumeanza Q, na jambo la kwanza nililowaonyesha watoto ni kwamba q ya Kiingereza karibu kila mara huandamana na u, na kwamba viwili hivyo kwa pamoja ni "kw" yetu. Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza wenyewe waliandika cw, na malkia aliyeandikwa "cwen" ndiye leo anayeandikwa "queen"; ni waandishi waliozoea mtindo wa Kifaransa walioleta qu. Watoto walifurahi kusikia kwamba hata wenye lugha waliwahi kuandika kwa namna inayokaribiana na yetu. Tangu hapo walisoma bila kusita "quantity", yaani kiasi, "quality", yaani ubora, na "quarter", yaani robo. "Quinine" hata halikuhitaji kufafanuliwa, kwa sababu kwinini wanaisikia kwa bibi zao. Niliwaongezea tu kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliitengeneza papa hapa mkoani, katika kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902.

Neno lililotuweka muda mrefu ni "quarantine". Wao wanalijua kama karantini, na maana yake, kuwatenga watu au wanyama ili maradhi yasienee, wanaielewa. Hawakujua kwamba ndani yake imo hesabu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru wageni waliotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30. Baadaye muda huo ulirefushwa ukawa siku 40, na Waveneti wakaipa kazi hiyo jina linalotokana na arobaini katika lugha yao. Nilipoitaja arobaini tu, barazani kulikuwa kama nimewasha taa. Mmoja alisema mama yake yumo ndani hivi sasa na mtoto mchanga, hajatimiza arobaini yake. Nilimwambia hayo ni mambo mawili tofauti yaliyokutana katika hesabu moja, lakini sidhani kama alinisikia, na wala sikujali, kwa kuwa neno lenyewe halitamtoka tena.

"Quay" na "queue" zimekaa peke yao chini ya ukurasa kama watoto watukutu. Ya kwanza ni "kii". Ya pili, ambayo ni foleni, ina herufi tano na hutamkwa sawasawa na jina la herufi yake ya kwanza, hizo nne nyingine zikiwa zimesimama nyuma yake kwenye foleni.

3 Februari

Nilikuwa nimebaki na maneno yenye q isiyofuatwa na u, na nilikusudia kuyaruka, mpaka ustadhi wa madrasa ya jirani alipopita baada ya sala ya alasiri, akasimama kutazama ubao wangu. Nilikuwa nimeandika "qadi", "qibla", "faqir" na "niqab". Akaniomba chaki. Aliandika ق, akaizungushia duara, kando yake akaandika ك, kisha akawataka watoto wazitamke zote mbili, ile ya kwanza itoke ndani kooni na ya pili mbele zaidi. Wanafunzi wangu wanne ni wanafunzi wake pia, na walizitamka vizuri kuliko mimi.

Kisha akaeleza, kwa upole wake wa siku zote, kwamba Kiswahili kimezikusanya sauti hizo mbili kikazifanya k moja, ndiyo maana tunasema kadhi, kibla, fakiri na nikabu, lakini Waingereza walipoyachukua maneno hayo waliiwekea ile kafu ya kooni herufi q ili isichanganyike na nyingine. Mimi nikaongeza ninachokijua: kwamba q ya Kilatini na ق ya Kiarabu ni ndugu wa ukoo mmoja, zote zikiwa zimetokana na herufi ya Wafoinike iliyoitwa qoph, moja ikipitia kwa Wagiriki na Warumi, nyingine ikipitia kwa Waaramu. Ukurasa niliotaka kuutupa ukageuka kuwa ukurasa unaosomeka kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu maana za maneno hayo watoto walikuwa nazo tayari. Kilichowashinda ni kuyatambua wenyeji hao katika mavazi ya kigeni.

Nilikuwa karibu kuandika kanuni kwamba q ni dalili ya ق pale neno linapotoka Uarabuni, ndipo binti wa gatini aliponyosha mkono na kuuliza kuhusu "mosque". Msikiti kwa Kiarabu ni "masjid", alisema, nayo ina jimu, haina kafu yoyote. Q hiyo imetoka wapi? Ustadhi alinitazama, nami nikamtazama yeye. "Mwanangu," akasema akicheka, "hapo umetukamata sote."

Usiku nilifunua kamusi mbili za asili ya maneno na kupata jibu. Neno lilisafiri kutoka Kiarabu likaingia Kihispania likawa "mezquita", na kwa kuwa Wahispania huiandika sauti ya k kwa qu inapotangulia i au e, q ikazaliwa huko. Kutoka hapo likapita Kiitalia, kilichoiandika sauti hiyo ch, na Kifaransa, kilichoirudishia qu, mpaka Uingereza, likabaki na q isiyo na uhusiano wowote na ق. Mwisho wake umefanana na wa "cheque" na "antique", ambamo que husomwa k tupu. Kanuni yangu nimeifuta. Mahali pake nimeandika maelezo ya neno hilo moja, marefu kuliko ya maneno mengine yote, na sitayapunguza.

20 Februari

Siku ya aibu. Niliandika kurasa za Q kwenye kompyuta mpakato ya kijana wangu, nikazipeleka steshenari, nikatoa nakala 40 bila kuzipitia tena kwa sababu Ramadhani imeingia na nilitaka kuwahi nyumbani kabla ya futari. Sikujua kwamba programu ya kusahihisha tahajia ilikuwa imewashwa, na kwamba kila ilipokutana na neno isilolijua ilinisaidia bila kuombwa. "Faqir" ikawa "fair". "Qat", jina la Kiingereza la mirungi, ikawa "cat".

Niligundua jioni, nilipomkuta mvulana mmoja akinakili kwa mwandiko mzuri kabisa: "cat, majani yanayotafunwa yenye kulevya." Hakutilia shaka hata kidogo, kwa kuwa lilikuwa limepigwa chapa na limetoka kwa mwalimu. Nilipomuuliza kama hakusoma shule ya msingi kwamba "cat" ni paka, alijibu kwa adabu kwamba alidhani ni maana ya sekondari.

Nakala zote 40 nimezigeuza karatasi za rafu. Mzazi mmoja, aliyeziona kabla sijazikusanya, aliniuliza pia mirungi inatafuta nini katika daftari la watoto, ilhali imepigwa marufuku nchini. Sikuwa na jibu zuri. Neno limo katika kamusi na wachezaji wa Scrabble wanalipenda, lakini halimo katika vitabu vyao vya kiada, na sharti niliweka mwenyewe. Nimeliondoa.

8 Machi

X imetupeleka shambani. Katika Bayolojia watoto wamekutana na "xylem", sehemu ya mmea inayopandisha maji kutoka mizizini, na "xerophyte", mmea unaoweza kuishi penye ukame. Maneno yote mawili ni ya Kigiriki: "xylon" ni mti au ubao, "xeros" ni kavu, na mwisho wa lile la pili ni mmea. Nikaona ni ajabu kumfundisha mtoto wa Tanga neno "xerophyte" kwa picha ya dungusi wa jangwa la Marekani, wakati mkonge uko nje ya mji, basi asubuhi tulipanda basi la Muheza, tukashuka penye shamba na kuomba jani moja.

Tulilikata kwa kisu kikali, upana wake, na kila mtoto akagusa utomvu. Niliwaonyesha ngozi yake ngumu yenye nta inayozuia maji kupotea, na unene wa nyama ya ndani inayoyahifadhi. Nikawaeleza kwamba mkonge hufungua vinyweleo vyake usiku badala ya mchana, ili jua lisiunyang'anye maji. Baadaye tuliliparaza jani kwa mgongo wa kisu juu ya ubao mpaka singa zikabaki peke yake, nyeupe, chache mno ukilinganisha na takataka tulizoziacha chini, maana singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mvulana yule wa paka akasema kwa furaha kwamba ameiona "xylem". Nilimkatiza: singa ni nyuzi za kulipa jani nguvu, na ingawa baadhi yake hukaa pamoja na mishipa ya maji, si zenyewe zinazopitisha maji. Kosa hilo ni rahisi kufanyika, na nimeliandikia onyo katika daftari.

Tulipokuwa tukingoja basi niliwasimulia kwamba mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mmoja alisema basi mkonge ni "xenophobia". Si kweli, kwa kuwa neno hilo ni chuki au hofu dhidi ya wageni, na mkonge ni mgeni aliyepokewa. Lakini alikuwa amekumbuka kwamba "xenos" ni mgeni, na hilo lilinitosha kwa siku ya swaumu.

Maneno mengine ya ukurasa huu yalijipanga yenyewe. "Xylophone" ni ubao wenye sauti, yaani marimba. "X-ray" ni eksirei, na x yake ni ile ya aljebra, kwa kuwa Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hiyo mwaka 1895 hakujua ni kitu gani, akaipa alama ya kisichojulikana. Hata jina la Xerox, kwenye mashine za kutolea nakala, limetoka kwa ile "xeros" ya mkonge, kwa sababu mashine hizo hutumia unga mkavu badala ya wino wa majimaji. Kuhusu mashine hizo kwa sasa sitasema zaidi.

11 Machi

Nimehesabu matamshi ya x nikapata matatu: "ks" kama katika boksi, "gz" kama katika "exam" au katika egzosi ya mafundi wa magari, na "z" mwanzoni mwa neno. Hakuna la kuongeza.

16 Machi

C ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu maneno yake ni mengi na tabia yake haina msimamo: mbele ya e, i na y husomwa s, mbele ya a, o, u na konsonanti nyingi husomwa k. Nimeieleza kanuni hiyo mara tatu kwa siku mbili na watoto wakaikariri bila kuitumia. Leo fundi wa baiskeli aliyepo kwenye kona yetu ameimaliza kazi bila kujua.

Alikuwa amepindua baiskeli ya mvulana mmoja, akiziba pancha, na kwenye fremu yake palikuwa na kibandiko chakavu chenye neno "bicycle". Mvulana alilitazama kwa muda, kisha akalisoma kwa sauti pamoja na jina letu, polepole, silabi kwa silabi, na akaniita. Baiskeli ina s, kisha k. "Bicycle" ina c mbili: ya kwanza iko mbele ya y, ndiyo s, ya pili iko mbele ya l, ndiyo k. Waliolitohoa neno hili zamani waliandika walichokisikia, na kwa kufanya hivyo walituachia ufunguo. Tulilijaribu "accident", yaani ajali, na mambo yakawa kinyume, k ikitangulia na s ikifuata. Tulijaribu "receipt": risiti yetu inaonyesha kwamba c ni s, na inaonyesha pia, kwa kutokuwa nayo, kwamba p haitamkwi kabisa, maana wasomi waliichomeka hapo ili neno lifanane na asili yake ya Kilatini. "Ocean" ilitukatalia, kwa kuwa c yake ni "sh", nayo imekwenda kwenye safu ya wakaidi pamoja na "muscle", ambamo c imenyamaza.

Kwa sababu hiyo nimechukua uamuzi ambao unanirudisha nyuma wiki mbili: daftari halitapangwa kwa alfabeti. Kila ukurasa utaanza na neno la Kiswahili ambalo mtoto analijua kwa sikio, kwinini, teksi, boksi, senti, baiskeli, risiti, na chini yake yatafuata maneno ya Kiingereza yenye herufi ile ile kwa sauti ile ile, kila moja na maana yake. Anayetaka kutafuta kwa alfabeti atakuta faharasa nyuma. Kijana wangu, ambaye atalazimika kupanga kurasa zote upya, amepokea habari hizi kwa kimya kirefu.

29 Machi

Idi imepita na daftari limekamilika. Sikufikia maneno 120. Yamekuwa 94, yaani 31 ya Q, 22 ya X na 41 ya C, na sijutii hata moja katika yale niliyoyaacha nje. Safari hii nilisoma kila ukurasa mara mbili kabla ya kutoa nakala, na programu ya tahajia ilikuwa imezimwa. Nimetoa nakala 25 kwanza.

Jioni baba wa binti wa gatini alikuja mwenyewe barazani, bado akiwa na viatu vyake vya kazi, akiwa ameshika nakala ya binti yake. Aliniambia kwamba amezisoma kurasa za C zote na ana lalamiko. "Mwalimu, umeandika gati, umeandika nanga, umeandika shehena. Mbona kreni haimo? Sisi bila kreni tunafanya nini pale?" Ni kweli, "cargo" ilikuwamo na "crane" haikuwamo. Nilichukua kalamu nikaiandika papo hapo kwenye nakala yake, nikamwambia kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni jina la ndege kwanza, korongo, na mashine iliitwa hivyo kwa sababu ya shingo yake ndefu. Alifikiri kidogo, akatazama upande wa bandarini ingawa kutoka hapa nyumba zinaziba, akasema kwamba ile kubwa zaidi, ikiinama kuchukua kontena, ndivyo ilivyo hasa. Maneno ya C sasa ni 42.